Pamba Iliyokataa Kuota

Kiselema ni jembe lililolika. Huanza likiwa jembe kamili, pana, lenye makali. Mawe hulila, mchanga hulila, miaka hulila, hata likabaki kipande cha chuma kisichozidi kiganja cha mtoto, na mpini umelainika kwa jasho mpaka unang'aa kama umepakwa mafuta. Mtu akilikuta njiani hainami kuliokota. Ndipo wahenga wakaonya: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Maana yake ni kwamba aliyechakaa usimhesabu kuwa amekwisha, kwani kazi haiulizi umbo. Wakulima wanaijua methali hii kwa sababu wao ndio wenye majembe. Wasioijua ni wale waliozoea kulimiwa.

Palikuwa na kijiji kilichokaa chini ya kilima, na juu ya kilima palikuwa na boma la mkoloni. Boma lilikuwa na kuta nyeupe, baraza pana lenye viti vya turubai, mlingoti wa bendera, na choo chake peke yake, ambacho wanakijiji walikichimba lakini hawakuruhusiwa kukitumia. Kutoka barazani mkuu wa boma, aliyeitwa Bwana Mkubwa, aliliona bonde lote: mto, udongo mweusi uliolala pande zote mbili za mto, na migongo ya watu waliokuwa wakilima. Alipenda udongo ule. Migongo hakuitazama sana.

Siku moja ikashuka amri kwamba bonde lile sasa ni shamba la pamba. Kila mwenye nguvu, mume kwa mke, alime humo tangu jua linapochomoza hadi linapopinda, bila malipo, na asiyefika atachapwa kiboko. Mashamba ya chakula yakahamia kwenye changarawe ya kilimani, na yalilimwa jioni na watu waliokwisha choka. Lakini mvua haimngoji mtu. Mtama uliopandwa mvua zikiwa zimekwisha geuka mgongo huota kama ndevu za kijana, mmoja hapa, mmoja kule. Kabla ya boma, kihenge kitupu cha nafaka kilikuwa aibu ya mvivu. Sasa kikawa hali ya kila nyumba.

Njaa ikaingia. Katika nyumba ya mhunzi wa kijiji ilimkuta mtoto wa kutambaa, mwenye meno mawili tu ya chini. Alikufa msimu wa kuchuma pamba. Mama yake alikuwa bondeni na gunia kiunoni, maziwa yamemkauka, na siku hiyohiyo ghala la boma lilikuwa limejaa marobota ya pamba hata mlango haufungiki. Bibi yake, mama wa mhunzi, ndiye aliyemwosha na kumvika sanda. Hakulia mbele za watu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakamata kiselema chake, akalima mahali pasipo na haja ya kulimwa mpaka mikono ikatoka malengelenge.

"Pamba haichemshwi ikaliwa," alisema aliporudi ndani.

Mwaka uliofuata mkaza mwana wake alijifungua tena, binti. Mkongwe yule alimpokea mtoto, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua mbegu, kisha akamwambia mama yake, "Huyu hatazikwa na pamba, mwanangu. Sijui nitafanyaje, lakini huyu atakula."

Kijiji kilikuwa na nyapara wake. Ewe msomaji, kikulacho ki nguoni mwako. Nyapara huyo hakuja na meli wala hakushuka kutoka mbinguni. Alizaliwa hapohapo, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Watu walimwita Robota kwa kuwa alikuwa mnene, na mkanda wa boma ulimkata tumbo katikati kama kamba inavyokata robota la pamba. Siku ya kugawa kazi za msimu mpya alipita mbele ya mstari na kiboko kwapani, akafika kwa vikongwe.

"Ninyi ni viselema," akasema, meno nje. "Mkongojo na jembe haviendi pamoja. Nendeni pale kwenye majivu mkasugue mbegu, walau mle jasho lenu."

Aliposogea mbele, jirani wa mama wa mhunzi, kikongwe aliyeitwa Mdomo Wembe kwa sababu zilizokuwa wazi, alisema kwa sauti ya kusikika: "Huyu nilimfuta kamasi kwa mkono wangu huu. Ningejua, ningemwachia zimzibe."

Kwa vile mama wa mhunzi ndiye aliyekuwa ameshika kiselema cha kweli mkononi, jina likamganda yeye. Tangu siku hiyo akawa Bibi Kiselema.

Mwanawe jambo hilo lilimuuma. Alikuwa mtu wa miraba minne, mikono yake imejaa alama za cheche. Alimfulia mama yake jembe jipya, zito, linalolia ukiligonga kwa kucha.

"Mama, tupa hicho chuma. Kinatuaibisha."

"Kinamwaibisha nani? Hiki kinajua njia. Hilo lako bado linahitaji kuonyeshwa."

Mhunzi akashusha sauti. Chini ya lundo la makaa, ndani ya kibanda chake cha kufulia, alikuwa ameficha vichwa vya mikuki. Vijana wote wa kijiji walijua, na kila walipokutana walinong'onezana mpaka povu likawatoka. "Siku yaja, Mama," akasema.

"Siku yaja, siku yaja! Tangu mwaka juzi inakuja. Inatambaa?"

"Vita ni kazi ya wanaume."

"Haya. Na njaa ni kazi ya nani?"

Mhunzi akavuta mivukuto yake, moto ukaruka.

Mbegu ya pamba huja imevaa manyoya. Ukiipanda hivyohivyo hushikana, ikaanguka kwa mafungu. Basi kazi ya vikongwe ilikuwa kuilowesha katika maji, kuimiminia majivu, na kuisugua kati ya viganja hadi kila punje isimame peke yake. Walikaa uani mwa Bibi Kiselema, miguu wameinyoosha, magunia ya boma yameegemezwa ukutani. Kila mbegu iliyokwenda bondeni ilipita kwanza mikononi mwao. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo, maana nani huwafikiria vikongwe wanaosugua vitu?

Bibi Kiselema alilifikiria. Aliokota punje moja, akaiuma, akaitema.

"Mnajua," akasema, "mbegu ni kama yai. Ukilichemsha, kwa nje ni lilelile."

Vikongwe wakaacha kusugua. Mdomo Wembe akamtazama, kisha akatazama chungu kikubwa kilichokuwa jikoni.

"Shoga," akasema, "mimi mbona mikono yangu imekufa ganzi kwa maji haya ya baridi?"

"Hata mimi," akadakia mwingine.

"Sote," akasema Bibi Kiselema. "Washeni moto."

Wakachemsha mbegu za serikali mchana kweupe, jua la saa nne, mlango wa ua uko wazi. Robota alipita akaona mvuke unapanda.

"Mnapika nini ninyi?"

"Maji ya moto, bwana nyapara," Mdomo Wembe akajibu kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuwa nao maishani. "Wazee tumeganda. Baridi inatupunguzia kazi ya Bwana Mkubwa."

Robota akaona maneno hayo yana akili. Kesho yake akawatumia mzigo wa kuni.

Pamba ikapandwa bonde zima, mistari imenyooka kama uzi. Mvua ikanyesha vizuri. Watu wakangoja. Udongo ukakaa kimya. Likaota gugu, ikaota mbigili, pamba haikutoa hata jani. Bwana Mkubwa alishuka mwenyewe na kioo cha kukuzia vitu, akapiga magoti matopeni, akachimbua punje, akazitazama. Zilikuwa nzima. Zilikuwa nzuri. Hazikuwa na uhai tu. Akaamuru zipandwe nyingine, nazo zikapita uani mwa Bibi Kiselema, nazo zikafa kama za kwanza.

Lakini mtu hashindi bila kulipa. Bwana Mkubwa alisema wanaume wamefukia mbegu chini mno kwa uvivu, na akawachapa. Mhunzi alirudi nyumbani mgongo wake umepasuka kama gome la mti. Mama yake alipokuwa akimwosha kwa maji ya chumvi, aliona hawezi kunyamaza. Akamwambia.

Mhunzi akageuka kwa ghafla, akasahau maumivu. "Kwa hiyo nimechapwa kwa ajili ya vyungu vyenu?"

"Umechapwa kwa ajili ya pamba yake. Vyungu havina kiboko."

"Mama, hivyo si vita. Huo ni upishi!"

"Upishi umeiondoa pamba bondeni. Mikuki yako imeondoa nini? Mende?"

Mkaza mwana, aliyekuwa akinyonyesha pembeni, alicheka hadi mtoto akaachia ziwa. Na mhunzi mwenyewe, ingawa alijitahidi kununa, mabega yalimtikisika.

Wakati boma lilipokuwa likingoja mbegu mpya kutoka mbali, watu walipata nafasi. Walipanda mtama wao mapema, mvua ikiwa bado changa. Ulisimama mpaka kiunoni, mzito, wa kijani cha kushibisha macho. Mkaza mwana alikwenda kuutazama kila asubuhi na mtoto mgongoni, akashika mabua kama mtu anayeshika mkono wa mgeni aliyengojewa siku nyingi.

Sasa inabidi kusema lile kosa, na ni kosa la mkulima tu. Mwizi asingelifanya, wala askari. Bibi Kiselema alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba mbegu haimalizwi. Iwe ya mtama, ya boga au ya kitu usichokipenda, inapopita mkononi mwako unaweka konzi pembeni. Alifanya hivyo maisha yake yote, kama mtu anavyopepesa macho. Siku ile ya kwanza ya kuchemsha, mkono wake wenyewe ulichukua konzi moja ya mbegu za pamba mbichi na kuifunga katika pindo la nguo. Baadaye alikumbuka, akajicheka, akaikung'uta nyuma ya nyumba, mahali pa kumwaga maji ya vyombo. Hapo pana unyevu siku zote, pana majivu, pana mbolea. Aliipa mgongo akaisahau.

Pamba ile ikaota kama imetukanwa. Ilimpita mtoto kimo, ikachanua, ikapasua matumba meupe pe.

Robota alikuja kuomba maji ya kunywa. Akazunguka nyumba akitafuta kivuli. Akasimama. Akavuta tumba moja, akalipasua, akatazama zile mbegu, kisha akatazama vyungu vilivyofunikwa jikoni, na akakumbuka mzigo wa kuni.

Alikwenda bomani mbio, mkanda mkononi. Lakini njiani aibu ikamshika. Angesemaje? Kwamba alichezewa shere na vikongwe wasio na meno, na kuni aliwapelekea mwenyewe? Basi alipofika akasema ni wanaume. Wanaume wa kijiji wameziua mbegu kwa dawa. Bwana Mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, akawasha kiko chake, akatoa amri fupi. Mtama wote ung'olewe, na kila mtu ang'oe wa kwake kwa mkono wake. Wakati wa kula utakuja pamba ikishaota.

Msomaji, kuna hasira ya kupigwa, na mtu huweza kulala nayo. Lakini kumwambia mtu ang'oe chakula cha mwanawe, kingali kibichi, kingali na umande, hiyo si adhabu. Huko ni kumwambia amkabe mtoto halafu akushukuru.

Walianza na shamba la mhunzi ili wengine wajifunze. Askari walisimama ukingoni na bunduki zao. Robota akaonyesha kwa kiboko. "Ng'oa."

Mhunzi alisimama katikati ya mtama wake. Nyuma yake walikuwa vijana wote wa "siku yaja", mabega mapana, macho chini. Mikuki ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote, chini ya makaa. Jasho lilimtiririka mhunzi hadi kidevuni. Kisha akainama. Akashika bua la kwanza, akaling'oa, na mizizi yake ikatoka na udongo mweusi ukining'inia.

Mkewe alipiga ukelele ambao ulisikika hadi bomani.

Hapo Bibi Kiselema akatoka katika kundi la wanawake. Alitembea polepole, kiuno kimepinda, kiselema begani. Akasimama kati ya Robota na mwanawe.

"Rudi nyuma, bibi," Robota akasema. "Nimekusitiri, hujui tu."

"Umejisitiri mwenyewe. Waambie hao wenye bunduki nani alichemsha. Waambie na nani alileta kuni."

Robota akageuka rangi, kisha akacheka kwa nguvu ili askari wamsikie. "Na hicho kiselema? Kitalima nini hicho?"

"Kimekwisha kwa kulima ardhi," akasema mkongwe. "Mtu bado hakijaonja."

Akakishusha ugokoni mwa Robota. Hakikuwa na uzito wa kuua, ila makali kilikuwa nayo, maana chuma kilicholika huwa kisu. Robota akaanguka kwa kishindo, akilia kama ndama. Vikongwe wengine wakamvamia kwa mikongojo na ngumi, na Mdomo Wembe akamkalia kifuani, akimpiga kofi baada ya kofi. "Hili la kamasi! Hili la kuni! Hili la mjukuu wa mwenzangu!"

Askari mmoja akapiga risasi. Mdomo Wembe akanyamaza, labda mara ya kwanza tangu azaliwe, akalala juu ya mtama kifudifudi.

Wanaume waliona damu ya kikongwe inaingia katika udongo wa shamba, na aibu ikawachoma kuliko kiboko chochote walichowahi kuonja. Mhunzi alinguruma. Hakukimbilia mikuki, alimrukia aliyekuwa karibu kwa mikono mitupu, na wote nyuma yake wakafuata kama maji yaliyobomoa ukingo. Kufikia adhuhuri bunduki za wale askari zilikuwa mikononi mwa wakulima. Kufikia jioni ghala la pamba lilikuwa linawaka, na marobota yalitoa moshi mzito mweupe ambao vijiji vya mbali viliuona na kuuelewa. Kwingine nako watu walikuwa wameng'olewa mtama. Kwingine nako palikuwa na akina Robota. Moto ukashika kutoka bonde hadi bonde, nyaya za simu zikakatwa, barabara zikazibwa kwa magogo, na Bwana Mkubwa akafungiwa ndani ya kuta zake nyeupe, akinywa maji ya mvua.

Mhunzi akawa jemadari. Mikuki sasa ilitoka chini ya makaa ikagawiwa, mizuri, iliyonolewa. Mama yake alimwendea.

"Baba, usiwapeleke mchana. Tena msiende kabisa. Aliyefungiwa ndani hali mawe. Kaeni njiani, mngoje."

"Mama, kazi yako umeifanya na nchi nzima imeiona. Sasa tuachie sisi."

Jeshi la msaada likafika na bunduki ya kutapika risasi, ile watu waliyoiita bombomu kwa sauti yake. Mhunzi na wenzake waliikabili wakiimba, jua la mchana, wakipita katika shamba tupu la pamba ambako hapakuwa na hata jani la kujifichia. Hayo hayahitaji kuelezwa sana. Waliopona walibeba waliokufa, kisha wakakosa wa kuwabeba wao.

Askari wakashuka vijijini. Walichoma vihenge kwanza, nyumba baadaye, kwa mpango huohuo. Walikanyaga mtama uliokuwa unaanza kutoa masuke. Wakakusanya kila chuma kinachoweza kuua: mikuki, mashoka, na majembe yote mazima, wakayavunja mipini na kuyarundika bomani. Viselema walivitupa pembeni kwa mateke. "Takataka," askari mmoja akasema.

Mhunzi alikamatwa hai. Kesi ikasikilizwa barazani, juu ya vile viti vya turubai. Bwana Mkubwa alitaka kumjua kiongozi wa uasi. Mama yake alipanda kilima kwa magoti na mkongojo, akasukuma watu, akasimama mbele.

"Kiongozi ni mimi."

Mkalimani akaona haya kutafsiri. "Bibi, nenda nyumbani."

"Sema nilivyosema! Mimi nilichemsha mbegu. Mimi nilimpiga nyapara wake. Huyu alikuwa anang'oa mtama kama mlivyomwagiza, muulizeni yeyote. Mwenye kosa ni mimi, nifungeni kamba mimi."

Mkalimani akatafsiri. Maafisa wakatazamana, kisha wakacheka. Kicheko cha watu walioshiba. Bwana Mkubwa akasema neno, mkalimani akaligeuza: "Anasema uchungu wa mama umekuvuruga akili. Mpeni chumvi kidogo aende zake."

Wakamwekea chumvi kiganjani. Akaitazama. Akaimwaga juu ya kiatu cha Bwana Mkubwa, yote, punje kwa punje, na hata hilo wakaliona kichekesho.

Mhunzi alikuwa amefungwa mikono nyuma. "Mama," akaita, "wameona mikono yangu, hawakuona yako. Wapumbavu hawa. Mlee mtoto."

Walimnyonga siku iliyofuata, asubuhi. Hasira ya mama yake haikuwa ya kulia wala ya kupiga kelele. Ilikaa kama kaa la mti mgumu, ambalo juu ni jivu na ndani ni moto mtupu.

Mvua mpya zilipokaribia, magunia ya mbegu za pamba yakaletwa tena na kubwagwa uwanjani. Nyapara mpya akapiga kengele. Wanaume hawakuwapo, wengine ardhini, wengine gerezani, wengine porini. Waliokuja walikuwa wajane, watoto, na vikongwe wa vijiji vyote vya bonde, wembamba kama vivuli. Bibi Kiselema akaja na mkaza mwana wake, na mtoto mgongoni, shingo imelegea kwa njaa.

Akaketi chini. Vikongwe wote wakaketi. Wajane wakaketi.

"Simameni!" nyapara akafoka. Viboko vikashuka. Walipigwa wakiwa wameketi, na aliyeangushwa aliinuka akaketi tena. Jioni wakaenda, asubuhi wakarudi, wakaketi. Ikawa hivyo siku baada ya siku, na mawingu yanazidi kujaa.

Hatimaye Bwana Mkubwa alishuka mwenyewe. Alikuwa amekonda. Askari wake nao walikuwa wamekonda, kwani aliyechoma vihenge vya nchi alikuwa amesahau kwamba na yeye alikuwa akila humohumo. Hapakuwa na unga wa kununua, wala kuku wa kunyang'anya.

"Mnataka nini?" akauliza kupitia mkalimani.

Bibi Kiselema hakusimama. "Mwulize yeye. Askari wake wanakula pamba?"

Mkalimani akatafsiri, safari hii bila kuona haya.

"Sisi njaa tumeizoea, ametufunza mwenyewe," mkongwe akaendelea. "Tutakufa hapahapa tulipoketi, halafu achukue jembe alime na mkewe. Akitaka watu waishi, na yeye aishi, ayaondoe magunia haya. Atuletee mbegu ya mtama, na bonde letu aturudishie. Si kilimani. Bondeni. Vinginevyo mwambie apige tu. Leo bado sijapigwa."

Bwana Mkubwa alitazama mawingu. Akatazama askari wake, ambao hawakuwa wakimtazama yeye; walikuwa wanamtazama kikongwe. Akageuka akapanda kilima.

Punda waliobeba mtama kutoka mbali waliingia kijijini kabla mwezi haujaandama. Magunia ya pamba yalirudi nao. Katika barua yake kwa wakubwa zake Bwana Mkubwa aliandika kwamba udongo wa bonde lile haufai kwa pamba, maana asingeweza kuandika kilichomshinda. Aandike atakavyo, karatasi haipandi kitu.

Siku ya kupanda hapakuwa na jembe zima hata moja katika bonde zima. Yote yalikuwa yamevunjwa, yanashika kutu bomani, pamoja na lile zuri alilolifua mhunzi kwa ajili ya mama yake. Vikongwe na wajane waliokota vile viselema vilivyopigwa mateke, wakavifuta vumbi kwa mapindo ya nguo, wakashuka mtoni. Walilima wamepinda, bega kwa bega, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, juu ya mistari ileile iliyokuwa ya pamba, na mahali walipoangukia wana wao walilima kwa uangalifu zaidi. Bibi Kiselema hakuimba. Kila alipopiga ardhi alitaja jina la mwanawe kwa pumzi ya chini, na ardhi ikafunguka.

Mtama uliota. Ulivunwa. Mkaza mwana alisonga ugali wa kwanza, akaupoza kwa ncha ya kidole, akamlisha binti yake, na mtoto akameza, akafumbua kinywa kutaka tena. Bibi yake alimtazama akila hadi sahani ikawa nyeupe. Hakusamehe mtu. Alisema tu, "Mwongeze."

Basi wenye maboma na wasikie, na kila aliyepewa kiboko akadhani amepewa akili naye asikie: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.